Walinzi Waliofungwa Kamba: Kisa cha Seli za HeLa na Ndugu Watatu wa Rb

Mwanzoni mwa mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, daktari alikata kipande kidogo cha uvimbe kwenye mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, mama wa watoto watano, mwenye umri wa miaka 30. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Kipande hicho kilipelekwa kwenye maabara ya George Gey, ambako kwa miaka mingi seli za binadamu zilikuwa zikioteshwa kwenye vyombo vya kioo na kufa baada ya muda mfupi. Hizi hazikufa. Kila saa 24 hivi zilikuwa zimeongezeka maradufu. Mama Lacks alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo. Seli zake, zilizopewa jina la HeLa kutokana na herufi mbili za mwanzo za majina yake, zinagawanyika hadi leo katika maabara za dunia nzima.

Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua kwamba seli za mama yao bado zi hai. Deni hilo ni kubwa na lina maandishi yake. Hapa nataka kuingia ndani ya seli zenyewe, kwa sababu mle ndani mna kisa kingine chenye swali fupi: kwa nini haziachi?

Tukijibu kwamba haziachi kwa sababu ni saratani, tutakuwa tumelipatia jambo jina tu. Kila seli ya binadamu ina protini ambazo kazi yake ni kuizuia isigawanyike ovyo. Seli za HeLa nazo zinazo. Tena jeni zinazotengeneza walinzi hao ndani ya HeLa zilipochunguzwa zilionekana nzima. Hilo ndilo lililonivuta kwenye kisa hiki: walinzi wapo, maelekezo ya kuwatengeneza hayana kasoro, na bado nyumba haina ulinzi.

Walinzi ninaowasema ni familia ya Rb. Wako ndugu watatu. Anayejulikana zaidi ni pRB, protini yenye asidi amino 928 (asidi amino ni vijenzi vya protini), inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni RB1 iliyoko kwenye kromosomu ya 13. Alijulikana kwa njia ya huzuni, kupitia retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo pale nakala zote mbili za jeni hiyo zinapoharibika. Alfred Knudson alitoa hoja mwaka 1971 kwamba lazima mapigo yawe mawili, moja kwa kila nakala ya jeni, ndipo ugonjwa uanze. Jeni yenyewe ikaja kupatikana mwaka 1986. Ndugu wengine wawili ni p107 na p130, waliopewa majina kwa uzito wao. Wote watatu wana umbo linalofanana katikati ya mwili: sehemu mbili zinazokutana na kuacha mfuko, na ndani ya mfuko huo ndimo kazi yao kubwa inamofanyika.

Kazi hiyo ni kushika. Hawakati kitu wala kuunga kitu. Wanashika protini nyingine na kuzizuia. Wanaoshikwa zaidi ni kundi la E2F, protini zinazokaa juu ya DNA na kuwasha jeni zinazohitajika ili seli inakili DNA yake na kugawanyika. Ndugu hawa wamegawana kazi. pRB huwashika hasa E2F1, E2F2 na E2F3, wale wenye nguvu ya kuwasha, na kuwafunika sehemu ileile wanayoitumia kuwashia. p107 na p130 huambatana na E2F4 na E2F5, ambao tabia yao ni kuzima. Katika seli iliyopumzika, p130 ndiye anayetawala: huungana na E2F4 na kundi la protini linaloitwa MuvB, wakawa mkusanyiko mmoja uitwao DREAM unaokalia mamia ya jeni za mgawanyiko na kuzinyamazisha kwa pamoja.

Maelezo mengi ya shuleni humtaja pRB peke yake, kana kwamba wadogo zake ni vivuli. Naona hilo linapotosha. Katika kisa hiki, mtu akimfuata pRB tu, nusu ya mambo haitaeleweka, na tutaliona hilo tukimfikia p130.

Sasa, mlinzi anayeshika milele naye ni hatari, maana mwili unahitaji seli mpya kila siku. Ndiyo maana kushika huku kuna utaratibu wa kuachia. Ishara ya kukua inapofika, protini iitwayo siklini D huungana na vimeng'enya CDK4 na CDK6, na vimeng'enya hivyo huanza kubandika fosfeti, vipande vidogo vya kemikali, kwenye mwili wa pRB. Baadaye siklini E na CDK2 huendeleza ubandikaji huo. Fosfeti zikishajaa, pRB hubadilika umbo, E2F huchoropoka, na seli huanza kunakili DNA. Mgawanyiko ukiisha, fosfeti hung'olewa na mlinzi anarudi kazini. Yaani lango hufunguliwa kwa ruhusa, hufungwa baada ya kazi, na mlinzi ni yuleyule.

Turudi kwa HeLa. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna aliyejua ni nini hasa kilichozigeuza seli hizi. Jibu lilikuja mwaka 1984 na 1985 kutoka kwa kikosi cha Harald zur Hausen, mjini Heidelberg: ndani ya HeLa mlikuwa na DNA ya kirusi cha papiloma, HPV aina ya 18, na jeni mbili za kirusi hicho, E6 na E7, zilikuwa bado zinafanya kazi. Kwa mchango wake wa kuonyesha kwamba virusi vya papiloma husababisha saratani ya mlango wa kizazi, zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Jinsi DNA hiyo ilivyokaa mle ndani inafaa kuangaliwa kwa makini. Kirusi hakikuwa kizima. Kipande chake kilikuwa kimejipachika kwenye kromosomu ya 8, umbali wa herufi 500,000 hivi za DNA kutoka jeni MYC, ambayo yenyewe ni mchochezi mkubwa wa ukuaji. Katika kujipachika huko, jeni ya kirusi iitwayo E2 ilivurugika. Kirusi kikiwa kizima, E2 hukalia sehemu ya DNA inayoongoza E6 na E7 na kuzipunguza kasi. E2 ilipopotea, E6 na E7 zikabaki bila wa kuzizuia. Kirusi chenyewe hakikunufaika, kwa kuwa seli ya namna hiyo haiwezi tena kutoa virusi vipya. Kwa mama aliyeibeba, ilikuwa ni msiba.

E7 ya HPV18 ni protini ndogo mno, asidi amino 105 tu. Ukiiweka kando ya pRB ni kama mtoto mbele ya mtu mzima. Ila inabeba alama fupi ya nafasi tano: ya kwanza leusini, ya tatu sisteini, ya tano glutamati, na zile mbili za katikati zinaweza kuwa chochote. Alama hiyo inaingia kwenye mfereji mwembamba ulio ubavuni mwa mfuko wa pRB kama jino la ufunguo. Nick Dyson na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba E7 humshika pRB, na mwaka 1998 picha iliyopigwa kwa mionzi ya X ilionyesha alama hiyo ikiwa imelala mferejini, kila asidi amino mahali pake.

Jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza ni kwamba mfereji huo sio mahali anapokaa E2F. E2F hukaa kwenye mwanya kati ya sehemu mbili za mfuko. Kwa hiyo E7 haimsukumi E2F kwa kumkalia kiti chake. Inamshika pRB kwanza kwa ile alama ya nafasi tano, na ikishapata mahali pa kujishikiza, sehemu yake nyingine, ya mkiani, ndiyo inayosaidia kumng'oa E2F. Kisha pRB hubandikwa alama ya kutupwa na kupelekwa kwenye proteasomu, kinu cha seli cha kusagia protini, akavunjwa vipande. Jeni RB1 inaendelea kutoa maelekezo sahihi, seli inaendelea kumtengeneza mlinzi, na kila anapotokea anakamatwa.

p107 na p130 wana mfereji kama huohuo, na wanakamatwa vilevile. Hapa ndipo p130 anapofafanua nia ya kirusi. HPV huishi kwenye utando wenye tabaka nyingi. Huingia kwenye seli za chini, zile ambazo bado zinagawanyika, lakini virusi vipya hutengenezwa kwenye tabaka za juu, ambako seli zimeshaacha kugawanyika na zinakomaa ili zipukutike. Seli iliyoacha kugawanyika imezima vifaa vyote vya kunakili DNA, na kirusi hakina vya kwake vya kutosha. Lazima kimwamshe mwenyeji. Na kwenye seli za namna hiyo, anayeshika lango ni p130.

Ndiyo maana hata aina za HPV zisizoleta saratani, kama HPV6 inayosababisha vigwaru sehemu za siri, zinamvunja p130. Hilo lilichapishwa mwaka 2006. E7 ya aina hizo humshika pRB kwa ulegevu, lakini kwa p130 haina huruma. Kwangu mimi ushahidi huo unatenganisha vizuri mambo mawili yanayochanganywa sana. Kumwondoa p130 kunatimiza haja ya kirusi ya kuzaana. Kumvunja pRB pamoja naye ni tabia inayokwenda na aina za hatari kama 16 na 18, na hapo seli hupoteza zaidi ya kile ambacho kirusi kilihitaji.

Kuna mlinzi mwingine asiye wa ukoo huu, p53. Yeye hufuatilia uharibifu na fujo ndani ya seli, na seli iliyoamshwa kwa nguvu kama hivi angeisimamisha au angeiamuru ijiue. Kirusi kimemwandalia E6, ambayo, kama ilivyoonyeshwa mwaka 1990, humfanya p53 avunjwe. p53 anahusika sana na familia ya Rb. Akiwa huru huwasha protini p21, na p21 huzuia CDK2. CDK2 ikizuiwa, fosfeti hazibandikwi, na ndugu wa Rb wanabaki wameshika. Njia mbili, basi, zinaishia kwenye mlango mmoja.

Mwaka 1991 ulifanyika ulinganisho ambao naona ndio uti wa mgongo wa uchambuzi huu. Seli za saratani ya mlango wa kizazi zilizooteshwa maabarani ziligawanywa makundi mawili: zenye HPV, HeLa zikiwemo, na zisizo nayo, kama vile C-33A. Zenye HPV zilikuwa na jeni nzima za pRB na p53. Zisizo na HPV zilikuwa na jeni hizo zilizoharibika. Kwa hiyo ugonjwa mmoja ulikuwa umepita njia mbili. Kwenye C-33A walinzi wameharibiwa tangu kwenye maelekezo yao. Kwenye HeLa wamefungwa kamba.

Tofauti hiyo inazaa swali linalopimika. Mlinzi aliyefungwa, ukikata kamba, atarudi kazini? Miongo mitano ilikuwa imepita. Seli za HeLa zilikuwa na kromosomu kati ya 76 na 80 badala ya 46, MYC yao ilikuwa imechochewa, na zilikuwa zimepita vizazi visivyohesabika vya seli ambazo hazikuwahi kuzuiwa. Mtu angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba huko kumeshaharibika mambo mengi mno, na kwamba kumrudisha mlinzi mmoja au wawili hakutabadili kitu.

Jaribio lilifanywa na Edward Goodwin, Daniel DiMaio na wenzao katika Chuo Kikuu cha Yale, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000. Walichukua jeni ya E2, ileile ambayo HeLa ziliipoteza, ila wao waliitoa kwenye kirusi cha papiloma cha ng'ombe, wakaiingiza ndani ya seli. E2 ikakalia DNA ya HPV18 iliyojipachika na kuzima E6 na E7.

Yaliyofuata yalikwenda kwa mpangilio. p53 alipanda, p21 ikafuata. pRB alianza kujikusanya, na safari hii akiwa na fosfeti chache, yaani katika hali ya kushika. Ndugu wa Rb wakaungana na E2F na kukalia jeni za mgawanyiko, mojawapo ikiwa ya Cdc25A, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuiachilia CDK2 ifanye kazi. Kwa kuizima jeni hiyo, walinzi walikuwa wanajiongezea ulinzi: CDK2 ikapoa zaidi, na hatari ya wao kubandikwa fosfeti ikapungua. Ndani ya siku chache seli ziliacha kunakili DNA.

Kisha zikazeeka. Chini ya darubini, HeLa ya kawaida ni seli ndogo iliyobanana na wenzake, na sahani hujaa upesi. Hizi zilitanuka zikawa kubwa na bapa, kila moja imejitandaza peke yake. Zikaoshwa kwa rangi inayotumika kutambua kimeng'enya cha seli zilizozeeka, zikageuka buluu. Seli zilizokuwa hazijawahi kusimama tangu 1951 zilisimama, na hazikuanza tena.

Je, ilikuwa telomea, zile ncha za kromosomu ambazo hufupika kwa kila mgawanyiko hadi seli ikazeeka? Mwaka 2001 walijaribu hilo pia: walirefusha telomea za HeLa kabla ya kuingiza E2, na seli zikazeeka vilevile. Je, huenda E2 yenyewe ni sumu tu? Walioiuliza hoja hii walikuwa na haki, na ilijibiwa mwaka 2003 kwa jaribio ambalo bado nalisifu. Seli ziliongezewa E6 au E7 ya aina ya 16 inayoendeshwa na swichi ambayo E2 haiwezi kuigusa. Hivyo E2 ilipoingia, watafiti waliweza kuzima moja na kuiacha nyingine. E7 ilipozimwa huku E6 ikiendelea, p53 hakuwepo wa kusaidia, na bado seli zilizeeka kupitia familia ya Rb. E6 ilipozimwa huku E7 ikiendelea, ndugu wa Rb walibaki wamefungwa. Yule p53 alirudi, baadhi ya seli zikazeeka na nyingine zikajiua. Zilipoachiwa zote mbili, seli ziliendelea kugawanyika licha ya kuwa na E2 ndani. Mwaka 2007 kikosi hicho kilifuatilia mlolongo wa jeni zinazozimika baada ya E7 kuondoka na kuonyesha kwamba unaoendesha mlolongo huo ni ukoo wa Rb.

Nikilitazama jaribio hili lote, naona uzito wake uko kwenye maneno mawili: kila siku. E7 ni protini isiyodumu. Seli huivunja ndani ya saa chache. Kwa hiyo kamba iliyowafunga walinzi huoza upesi na lazima ifungwe upya, saa baada ya saa, na E7 mpya. Tumezoea kuiwazia saratani kama nyumba iliyokwisha kubomoka. Hii ya HeLa ni nyumba ambayo kuna mtu anasukuma ukuta wake mchana na usiku, na akiacha kusukuma, ukuta unasimama wima. Miaka 50 ya fujo kwenye kromosomu haikuwafuta p130 na nduguze, wala haikuwafundisha HeLa kuishi bila kumtegemea kirusi.

Elimu hii inatumika tayari mahali ambapo wengi hawaitambui. Daktari wa maabara anapochunguza kipande cha mlango wa kizazi na kukipaka rangi ya kutafuta protini p16, anamsoma pRB bila kumtazama. Kazi ya p16 ni kuzuia CDK4 na CDK6, na pRB akiwa kazini, p16 huwekwa chini. E7 inapomwondoa pRB, p16 hupanda na kujaa, ila haina la kufanya, kwa kuwa CDK4 na CDK6 zikizuiwa hakuna mlinzi wa kunufaika. Rangi ya kahawia iliyoenea kwenye kioo cha darubini ni dalili kwamba walinzi wamefungwa.

Hapohapo inaeleweka kwa nini dawa kama palbociclib, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya matiti, haiwezi kutarajiwa kufanya kazi kwenye seli za namna hii. Dawa hiyo huzuia CDK4 na CDK6 ili pRB aendelee kushika. Ni dawa inayomsaidia mlinzi, na seli yenye E7 haina wa kusaidiwa. Mgonjwa wa aina hii anahitaji kitu cha kuikabili E7 au E6 yenyewe, na ugumu uko hapo: E7 haina tundu la kimeng'enya ambamo dawa ingeweza kujificha, na sehemu yake kubwa ya mbele haina hata umbo la kudumu.

Chanjo za HPV, ambazo zilianza kuruhusiwa mwaka 2006, huzuia kirusi kisiingie. Hazina nguvu juu ya seli ambayo tayari imeshapachikwa DNA yake. Na E2, iliyofanya maajabu kwenye sahani, inakwama mwilini kwa sababu moja rahisi: ingebidi iingie ndani ya kila seli ya uvimbe. Katika sahani za Yale, seli iliyopokea E2 ilitanuka na kutulia. Ambayo ingekosa ingekuwa na E7 mpya ndani ya saa hiyohiyo, pRB wake angekamatwa, na kesho yake zingekuwa seli mbili.